Nane kwa Nane

Kutoka Adam mpaka Haima kona hakuna.
Mhandisi aliweka rula juu ya ramani,
akapiga mstari, akaenda kulala.
Akatuachia sisi kukesha.

Kijikamera cha dashibodi kinanikodolea.
Nikifumba macho zaidi ya pumzi moja kinalia, pi, pi, pi,
na kule Sohar ofisini taa nyekundu inawaka
mbele ya jina langu, Mwinyikai,
ambalo tangu mwaka wa kwanza wameliandika Mwinki.

Basi natunga.
Natunga kama tulivyofunzwa Pangani na Mwalimu Nduvai,
vidole juu ya dawati, kidole kimoja silabi moja,
nane, pumzi, nane.
Aliyezidisha alichapwa. Aliyepunguza alichapwa.

*Njia imenyooka tu, kama uzi wa sindano*

Hiyo imekaa. Nahesabu tena kwenye usukani, imekaa.

*Tairi la nyuma kushoto*

Tisa. Imezidi.

Mizani ya Haima, saa nane usiku.
Askari ananipungia tochi, napanda bamba polepole,
ekseli moja, ekseli ya pili, pumzi, trela.
Kilo mia nne juu.
Vigae sikuvipakia mimi. Nilikabidhiwa lori limeshapigwa sili,
hata rangi ya vigae siijui.
Faini ni yangu.

Nampigia Bi Thuwaiba wa malipo.
Kiswahili chake ni cha Unguja, alikirithi kwa bibi yake
na hajawahi kukanyaga Unguja.
Huanza na *jamani*, kisha *mwanangu*, kisha *umekula lakini?*
Nikishalegea ndipo hutaja makato.
Huo ndio utaratibu, mwanangu.
Natamani siku moja anikate kwa Kiarabu.

Ghaftain, alfajiri. Gulzaman wa Peshawar
ameshawasha jiko la gesi ubavuni mwa tanki lake.
Kiswahili anajua neno moja, Shekuwe alimfundisha: *pole*.
Analitumia kwa kila kitu.
Pole, anasema, akinipa chai.
Pole, sukari iko wapi.
Pole, anaonyesha barabarani, ambako usiku
ngamia aliingia kioo cha mbele cha mtu wa kampuni nyingine.
Hapo kidogo linafaa.

Kisha anauliza kwa kidole, kwa nyusi:
yule mrefu? aliyenifundisha?

Namna gani nimweleze.
Mwezi wa sita, lami inabandua soli za viatu,
tairi la Shekuwe lilipasuka kabla ya Thumrait.
Alibadilisha peke yake, kitambaa kimefungwa kwenye spana
kwa sababu chuma hakishikiki.
Mwisho wa mwezi: riyali themanini, uzembe.
Siku sita alizosubiri bandarini kupakiwa:
si safari, hazilipwi.
Alipojumlisha alikuta ni yeye anayedaiwa.
Hakugombana. Alikunja blanketi lake la chui,
akanigawia birika na nusu mfuko wa mchele,
akaniambia kioo cha kulia kinadanganya, ukiamini utagonga.
Sasa yuko Muheza, anauza machungwa, au anasema anauza.

Namwambia Gulzaman: nyumbani.
Anatikisa kichwa. *Pole.*

Naingiza gia. Jua linatoka upande wa kushoto
na halina haraka, kazi yake inalipwa na mwingine.
Kilomita mia nne na kitu mpaka Salalah, ambako wanasema
ukungu umeshashuka mlimani na wenyewe wanapiga picha.
Natunga, nimrekodie Shekuwe,
simu nimeiegemeza kwenye birika lake:

*Tairi hukupasua, Shekuwe walikukata,*
*lililipasua jua, na jua halikukatwa.*

Nane kwa nane, nimehesabu mara tatu.
Ila kina cha mwisho kimenitoka: ta, twa.
Mwalimu Nduvai angeinua fimbo,
hiki kimepasuka, angesema.

Kimepasuka, mwalimu. Na spea sina.

Kijikamera kinalia.
Silali, nakiambia. Nahesabu.